Pole Iliyomponza Mpishi

Mshauri wetu mpendwa, Mama Elmina,

Naomba unisaidie upesi, kwa sababu mwezi huu ukiisha mzee mmoja asiye na kosa atafukuzwa kazi, na yeye mwenyewe hajui kwamba anafukuzwa, anafikiri amepewa livu, ile likizo ya kazi, na mtu aliyemfanya afikiri hivyo ni mimi.

Mimi ni msichana wa shule ya misheni, Mjaluo, na wakati huu wa likizo ya Agosti nimekuja kukaa na baba yangu ambaye ni karani wa mizani katika shamba moja la chai huku Kericho. Shuleni tunafundishwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na katika kuandika sishindwi na mtu, lakini kusema ndiko taabu yangu, tangu utoto nina haya, mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua naona jibu limekaa palepale kwenye ulimi na halitoki, mpaka wenzangu hunicheka kwamba majibu yangu huja kwa posta. Basi fikiri nilivyoshtuka baba aliponiambia amenitafutia kazi ya likizo katika nyumba kubwa ya meneja, na kazi yenyewe ni kusema.

Ilikuwa hivi. Meneja, ambaye watu wote humwita Bwana Polepole kwa kuwa hilo ndilo neno analowapigia kelele tangu asubuhi, wachumaji, wenye magari ya ng'ombe, hata ng'ombe wenyewe, alianguka na pikipiki akavunjika mguu, akapelekwa hospitali Nairobi, na huko bado yuko. Nyumba ikabaki na dada yake ambaye ametoka Uingereza juzijuzi kwa meli, hajui Kiswahili hata cha kuomba maji, na watu wa nyumbani hawajui Kiingereza, kwa hiyo akiomba chumvi analetewa mshumaa na akikasirika wanamwongezea mshumaa wa pili. Baba akasikia wanatafuta mtu wa kukalimani, akasema binti yake yuko, na kabla sijapata nguvu ya kukataa nikawa nimesimama kwenye veranda nimevaa gauni jeupe, nimepewa kiti changu kidogo karibu na mlango.

Mama Elmina, nitakuambia kweli, nyumba ile niliipenda. Vikombe vyake ni vyembamba hata ukishika unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili, kuna piano ambayo hakuna anayeipiga lakini kila siku inafutwa vumbi, na chai ninayomwona baba akiipima kwenye magunia huku chini, kule juu inakuja kwenye sinia la fedha pamoja na keki, wageni wanaisifu kama kitu kilichotoka mbali. Na jambo la ajabu ni kwamba kule haya zangu zilikwisha. Niligundua kwamba maneno yakiwa ya mtu mwingine siyaonei haya. Memsahib, huyo dada wa meneja, akisema nasema, Mzee Nyang'au akijibu namjibia, sauti yangu ikawa inafika mpaka jikoni, na Okeyo anayetunza bustani akanipa jina, Mdomo wa Memsahib. Nikipita anauliza kama Mdomo ameshakula au hula kwa niaba tu.

Mzee Nyang'au ndiye mpishi. Ni Mkisii, yupo pale tangu nyumba ilipojengwa, nyumba yake iko nyuma ya jiko pamoja na mkewe mama Bosibori na mtoto wao Atuti anayesoma shule ya hapa shambani. Ni mtu wa maneno machache na mkono mwema, keki ikitoka kwenye stovu pembe iliyoungua kidogo anaikata anasema hii haifai kwa wageni, binti, hebu ihukumu wewe. Nafikiri nyingine aliziunguza makusudi.

Sasa sikia mkosi. Memsahib alikuta maua ya waridi yaliyopandwa na kaka yake, akayatunza kama watoto, kwa sababu klabuni Kericho palikuwa na mashindano ya maua na yeye aliandikisha jina. Siku moja kabla ya mashindano alikwenda huko klabuni kuangalia meza yake, na alasiri hiyo mvua ya mawe ikapiga. Wewe labda hujui ya huku kwetu. Inakuja ukanda mmoja tu, inapiga nyumba hii na kuacha ile, inatoboa majani ya chai, inapiga mabati usisikie mtu anayekuita sikioni, halafu jua linatoka na mawe yote yanayeyuka kama hayakuwapo. Klabuni haikunyesha hata tone. Memsahib aliporudi jioni alikuta anga safi, nyasi zinameta, na waridi zake zote zimelala chini vipande vipande.

Alisimama pale bila kuvua kofia. Watu wa nyumbani wakamwonea huruma sana, wakaja mmoja mmoja, nami nimesimama kando yake kwa kazi yangu. Okeyo akaja akasema pole, Memsahib. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba anasema sori. Dobi akaja, pole Memsahib, nikasema huyu naye anasema sori. Yaya wa zamani, sori. Mtu wa kuni, sori. Nikamwona Memsahib anawatazama kwa zamu na macho yanazidi kuwa makubwa, akaniuliza, wote? Nikasema ndiyo, Memsahib, wote, tena sori sana. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Wa mwisho alikuwa Mzee Nyang'au. Alivua kofia, akainamisha macho kama mtu mwenye heshima anavyofanya mbele ya mwenye huzuni, akasema, "Binti, mwambie Memsahib pole sana. Hii mawe imemaliza maua yote. Hata moja haikuacha."

Nikafasiri neno kwa neno. Mama Elmina, Kiingereza cha mvua ya mawe sikijui, hatujafundishwa, nikasema anasema sori sana kwa sababu ya mawe, mawe yamemaliza maua yote hata moja hayakuacha. Memsahib akarudia polepole neno mawe. Kisha akaingia ndani.

Na hilo halikutosha. Kesho yake asubuhi Mzee Nyang'au alikuja tena, amebeba mayai ya kuku wake mwenyewe ndani ya jani la mgomba. Akasema, "Mpe Memsahib. Niliona si vizuri kuja mikono mitupu, ile maua alikuwa anapenda sana." Nikafasiri hivyo, na mzee bado alikuwa ameinamisha macho yake. Memsahib hakuyagusa mayai. Aliniambia nimwambie mtu huyu kwamba anayepiga maua ya watu kwa mawe, kisha anakuja kulipa kwa mayai, na hata kumtazama mtu usoni hawezi, hapiki chakula katika nyumba ya kaka yake, na mwezi ukiisha atoke yeye na jamii yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mara moja, ile sori na yale mawe. Nilitaka kusema Memsahib, si hivyo, lakini maneno hayo yalikuwa yangu mimi, hayakuwa ya mtu, na yalikaa palepale kwenye ulimi kama shuleni. Nilipokusanya nguvu nikasema tu kwamba pole si sori, pole ni pole. Memsahib akacheka kidogo, si kwa furaha, akasema pole anaijua, kaka yake huwaambia ng'ombe, maana yake ni taratibu, sasa mpishi alikuja kumwambia taratibu? Na Mzee Nyang'au alikuwa amesimama pale anangoja, ananitazama mimi, anauliza, "Anasema nini, binti?"

Nikamwambia, "Memsahib anasema mwezi ukiisha utapumzika."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Uso wake ulifunguka, akasema, "Mimi? Livu? Na hata sikuomba." Akamgeukia Memsahib akasema Mungu amwongezee. Nami nikafasiri kwamba anashukuru. Memsahib alimtazama muda mrefu, akasema watu wa nchi hii hatawaelewa, unawafukuza na wanakuombea.

Tangu siku ile silali vizuri. Mzee Nyang'au amepeleka salamu Kisii kwamba anakuja kuezeka nyumba ya mama yake. Mama Bosibori anafua nguo anaimba. Mzee ananiambia atamletea Memsahib ndizi mbivu za kwao, zile fupi, hajawahi kuonja. Na mambo yanayonichoma zaidi ni ya jikoni, kwa sababu anamfundisha Okeyo kuoka mkate ili Memsahib asipate shida yeye akiwa livu, Okeyo anaunguza mkate hata kuku wanaukataa, na mzee hachoki, anamwambia jaribu tena, ndugu yangu, huyu mama ni mgeni, tusimwache na njaa. Anamfundisha mtu atakayechukua nafasi yake, Mama Elmina, na anafanya kwa huruma.

Na mimi Memsahib ananisifu mbele ya wageni, anasema ataandika kwa mkuu wa shule yetu kwamba Kiingereza changu hakina kosa hata moja, na huenda nikachukuliwa chuo cha ualimu. Baba amesikia, anatembea kifua mbele kwenye mizani. Nikisema kweli Memsahib ataona Kiingereza changu kina makosa mawili na yote mawili yamefukuza mtu. Nisiposema, likizo itakwisha nitarudi shuleni na mzee atakuja kugundua akiwa na mizigo mlangoni. Nilifikiri kumwandikia Memsahib, kwa kuwa kuandika siogopi, lakini tupo nyumba moja kutwa nzima, nimwandikie vipi? Nilifikiri kumwambia baba aseme yeye. Nilifikiri hata kuomba mvua ya mawe inyeshe tena Memsahib akiwepo, nikaomba kwelikweli, na siku hizi ni jua tupu.

Ukichapisha barua hii tafadhali ficha jina langu. Nifanye nini?

Mimi, Mdomo wa Memsahib,
Kericho

*

Jibu la Mama Elmina

Binti yangu,

Jibu hili nimelituma kwanza kwa posta, gazeti litafuata, kwa sababu mwisho wa mwezi haumngoji mpiga chapa. Ukilipata usilifiche chini ya godoro. Lisome umesimama.

Kuhusu jina lako nimekutii, sikulichapisha. Lakini umeficha lako na kutaja ya wengine wote, na kila mtu wa huko akiisoma barua hii atakujua kabla hajafika mstari wa tano. Baba yako ni karani, na makarani ninawajua, gazeti hili likifika atawasomea watu kwa sauti baada ya kanisa Jumapili. Kwa hiyo una siku chache za kuhakikisha kwamba siku hiyo hakuna atakayesikia jambo jipya.

Nilipofika kwenye ile foleni ya sori nilicheka, nisikufiche, nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza. Nilimwona mama wa watu amesimama kwenye bustani yake na nyumba nzima inakiri makosa mbele yake mpaka mtu wa kuni. Yule naye angeweza kujiuliza dobi alipata wapi nafasi ya kupiga maua mawe, lakini mtu mwenye huzuni hahesabu vizuri. Nikuambie basi la kwanza, na ulishike: kosa la pole na kosa la mawe si dhambi. Kila anayebeba maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine humwaga kidogo njiani. Hukufundishwa neno la mvua ya mawe, na mwalimu wako ana hesabu ya kutoa juu ya hilo, kufundisha watoto wetu Kiingereza cha theluji ambayo hawataiona na kuwanyima cha kitu kinachowapiga kichwani. Neno lenyewe ni hail. Liandike kiganjani kama unaogopa litakukimbia.

Na ile sori yako ilikuwa karibu kuwa sawa. Waingereza wakifiwa huambiana nini? Neno hilohilo. Jirani huja mlangoni na kusema sori, na hakuna anayemwita polisi. Memsahib huyo mwenyewe amelisema makaburini kwao mara nyingi bila kuua mtu. Basi muulize hivyo, kwa adabu. Akikurudishia habari ya ng'ombe wa kaka yake, mwambie ni kweli, ikisemwa mara mbili ni ya ng'ombe, ikisemwa mara moja ni ya moyo. Bwana Polepole amekaa nchi hii miaka yote hiyo akaishia kujua nusu ya neno, wewe usione aibu kumfundisha dada yake nusu iliyobaki.

Hapo nimemaliza kukuonea huruma. Sasa tugeukie "utapumzika".

Nilipofika hapo kicheko kilikwisha. Hilo halikumwagika njiani, hilo ulilipika mwenyewe. Ulikuwa umeshaelewa yote, umeandika hivyo kwa mkono wako, na mzee amesimama mbele yako anakuuliza kwa upole anaambiwa nini, na wewe ukampa uongo wenye sukari. Usiniambie ni haya. Mwenye haya hunyamaza, na ungenyamaza tu mzee angeuliza, angehangaika, angemtafuta baba yako, leo jambo lingekuwa limekwisha. Wewe ulisema. Ulisema kwa sababu hukutaka kuuona uso wake ukibadilika, na baadaye ukaendelea kunyamaza kwa sababu unapenda kusifiwa kwenye veranda. Kupenda sifa katika umri wako si ajabu. Lakini unakaa jikoni unakula pembe za keki za mtu huyu huku unamtazama anamfundisha Okeyo kazi yake, na unaniandikia kwamba kitu kinakuchoma. Kikuchome. Kinafanya kazi nzuri.

Halafu unaniambia maneno yakiwa yako hayatoki. Mwanangu, barua uliyoniandikia ni ya nani? Ni yako yote, kutoka mshumaa wa pili mpaka kuku waliokataa mkate, na imetoka bila kukwama. Wewe mdomo unao. Umezoea tu kuuazima kwa watu.

Fanya hivi. Usianze kwa Memsahib. Najua utataka kuanza huko, urekebishe kimyakimya, mzee asijue kamwe kwamba alikuwa amefukuzwa. Nakukataza. Anza jikoni, leo hii, Okeyo akiwa amekwenda zake bustanini. Mwambie Mzee Nyang'au yote, tangu sori mpaka livu ambayo haipo. Atanyamaza, na wewe usijaze kimya chake kwa maneno. Akikasirika, kaa palepale. Ametuma salamu mpaka kwa mama yake mzazi, ana haki ya hasira kidogo. Akikusamehe mara moja, ndiyo itakuwa ngumu zaidi, jiandae kwa hilo pia.

Kisha mwombe muende pamoja kwa Memsahib. Asubuhi, kabla ya wageni. Usikae kwenye kile kiti chako, simama mbele yake uso kwa uso, na mzee naye mwambie safari hii ainue macho, kwa kuwa kule kwao Memsahib anayeinamisha macho huhesabiwa mwizi. Chumeni jani la boga au la sukumawiki nyuma ya nyumba ya mzee, maana sidhani mvua iliyomaliza waridi iliruka mboga zake. Mwonyeshe Memsahib yale matundu. Mwombe atembee nanyi mpaka kwenye mstari wa chai ulio karibu, atazame majani mwenyewe, kisha umuulize kama anadhani mpishi mmoja angeweza kupiga mawe shamba zima kati ya chakula cha mchana na chai ya jioni. Huhitaji Kiingereza kisicho na kosa kwa hayo. Unahitaji neno moja la kiganjani na miguu ya kutembea.

Mwambie pia habari ya mayai, kwamba hayakuwa malipo. Mtu alimletea chakula kutoka nyumbani kwake kwa sababu alimwona ana huzuni. Nadhani mama huyo tangu ashuke melini hakuna aliyemfanyia hivyo, na akijua atajisikia vibaya kuliko wewe. Mwache ajisikie. Alimhukumu mtu bila kumuuliza swali hata moja, na swali halina lugha.

Akishikilia neno lake, baba yako aandike Nairobi hospitalini siku hiyohiyo. Bwana Polepole ameona mvua ya mawe ya huko mara nyingi, ataelewa kwa mistari miwili. Lakini baba aje nyuma yako, si mbele yako. Wewe ndiye uliyekuwa umesimama pale.

Na ile barua ya kukusifu, mwambie Memsahib aiandike upya, aweke makosa yako mawili na jinsi ulivyoyasahihisha. Mkuu wa shule mwenye akili atakuchukua kwa barua hiyo upesi zaidi kuliko kwa ile ya kwanza. Asipokuchukua, bado utakuwa msichana anayeweza kupita nyuma ya lile jiko bila kuinamisha uso.

Nikuache na hili. Kiingereza kina sori moja tu, ya mwenye huzuni na ya mwenye kosa, inabidi mtu akisie ni ipi. Sisi tumegawiwa maneno mawili. Nyumba ile yote ilisema la kwanza, na walikuwa na haki, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekosa. Sasa yupo mmoja. Pole yako Mzee Nyang'au haimsaidii kitu. Ingia jikoni, mtazame, umwambie, "Nisamehe, baba," na hilo hutahitaji kulifasiri.